Kujitolea kwa Ajili ya Mikoko: Somo la Ghuba ya Gazi

Katika darasa zetu za karibuni tumeulizwa zaidi ya mara moja: Je, hii kazi ya kujitolea katika hifadhi za misitu na za bahari, ambayo siku hizi yasikika kila mahali, ina faida ya kweli? Au ni desturi tu ya watu kukusanyika siku moja, wakapanda miche, wakapigwa picha, kisha kila mmoja akarudi kwake? Swali hili ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa neno moja la ndiyo au la. Tumeona bora tulijibu kwa mfano ulio karibu nasi, ambao kila mtu wa Pwani aweza kwenda akautazama kwa macho yake mwenyewe: nao ni mikoko ya Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita 50 na kitu kusini ya Mombasa.

Gazi si jina geni kwa wasomaji wetu. Ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika mwaka wa 1895 na 1896. Lakini leo hatuzungumzi khabari za vita. Twazungumza khabari za matope, na za watu wanaoyaingia kwa khiari yao.

Kwanza tuliweke wazi neno lenyewe. Kujitolea si jambo lililoletwa na meli. Wazee wetu walikuwa na ujima wa kulima na kujenga, na kikoa cha kula kwa zamu, na mtaa ulipohitaji kisima watu walitoka wakachimba, wala hakuna aliyedai ujira. Lakini kisima kikisha kuchimbwa kazi imekwisha, au karibu imekwisha. Msitu hauko hivyo. Mche uliopandwa leo haumjui aliyeupanda. Waujua mchanga utakaoufukia, na wimbi litakaloung'oa, na ng'ombe atakayeutafuna kesho. Basi katika kazi ya namna hii siku ya kupanda ndiyo iliyo ndogo kuliko siku zote, na hili ndilo tunalotaka kulifafanua.

Mtu wa bara huiita miti yote ya maji ya chumvi mikoko, akadhani ni mti mmoja. Mvuvi na mkata boriti wajua zaidi. Pana mlilana, usimamao mbele kabisa ukiikabili bahari. Pana mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopindika juu ya matope kama miguu ya buibui. Pana muia, na mkandaa ulio mwembamba na mgumu. Pana mchu, unaostahimili chumvi kuliko wenzake, hata huonekana pande mbili, mbele karibu na maji na nyuma karibu na nchi kavu. Tena wako mkomafi na kikandaa na msikundazi. Kila mmoja una mahali pake, kwa kadiri maji makuu yanavyoufikia, na kwa chumvi iliyomo katika udongo, na kwa ulaini wa matope. Aliyeipanga miti hii hakuichanganya ovyo, na anayetaka kuirudisha imempasa kwanza ajifunze mpango huo.

Faida za miti hii si za kuhadithiana tu. Katikati ya mizizi yake ndimo wanamojificha samaki wadogo na kamba na kaa, mpaka wapate nguvu ya kutoka nje. Na penye ukuta wa mlilana na mkoko wimbi hufika pwani likiwa limechoka. Ama biashara ya boriti, hiyo ni historia nzima ya Pwani yetu. Ukikisha kutoka fito, ukapanda kwenda pau, na mazio, na boriti, na nguzo, majina yote haya ni vipimo vya mti mmoja kwa unene wake, na vikiuzwa huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalirudi na kusi yamejaa boriti za Lamu na mahali penginepo, kwa kuwa kule hakukuwa na mti wa kuezekea dari. Upana wa vyumba vya nyumba nyingi za kale, huku na huko, ulipimwa na urefu wa boriti. Na magome yake nayo yalichukuliwa kwa ajili ya kutilia rangi ngozi.

Katika mwaka wa 1932 Serikali ya wakati ule iliitangaza mikoko yote ya nchi hii kuwa msitu wa Serikali. Lakini jina halilindi mti. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda, vya chokaa na vya matofali, na mlilana wa mbele ndio ulioumia zaidi. Haukukatwa na mwanamke mwenye haja ya mzigo wa kuni wa kupikia, wala na fundi anayetaka mataruma ya mashua. Ulikatwa kwa magari. Katika mwaka wa 1982 Serikali ya Kenya ilizuia boriti kupelekwa nchi za nje, na baadaye yakafuata makatazo mengine ya kukata hata kwa matumizi ya ndani, mara yakiwekwa, mara yakilegezwa. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wako wasemao kwamba msitu huu ulimalizwa na wanavijiji kwa ujinga wao. Si kweli hivyo, na haki ni kulisema.

Msitu mwingine ukikatwa ukaachwa, hurudi wenyewe. Mikoko katika baadhi ya sehemu za Gazi haikurudi, na sababu zake zafahamika. Mkoko ukikatwa shina hauchipui tena kama mkarafuu au mwarobaini. Gogo lake huoza likaisha. Miti mama ikisha kutoweka, hapana wa kuangusha mbegu. Tena ardhi iliyokuwa kivulini hupigwa na jua, maji hukauka, chumvi huzidi, na hata mbegu ikiletwa na maji kutoka mbali haipati pa kushika. Na kwa upande wa bahari, ukuta wa mlilana ukisha kuondoka, mawimbi huleta mchanga juu ya matope, na mchanga unaohama kila bamvua hauotishi kitu. Msitu uliofika hali hiyo haungoji ila mkono wa mtu.

Mkono huo ulianza kuonekana katika miaka ya mwanzo ya 1990, pale wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wenye kituo chao hapo hapo Gazi, walipoanza kupanda kwa majaribio pamoja na watu wa kijiji. Kupanda mkoko ni jambo jepesi kwa sura yake. Mbegu yake huanza kuota ingali mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, na ikianguka yaweza kujichoma matopeni ikasimama. Mtu huiokota, akaitia katika matope mpaka kadiri ya thuluthi yake, akapiga hatua moja, akatia nyingine. Mtoto wa miaka kumi aweza kupanda mia kwa asubuhi moja. Mlilana si hivyo. Tunda lake ni la mviringo, limejaa vijimbegu vidogo, na miche yake yataka kitalu, au yataka kuchimbuliwa kwa uangalifu chini ya miti mama na kuhamishwa pamoja na udongo wake, kisha ipandwe mahali palipo pagumu kuliko pote, mbele ya mawimbi. Kwa hiyo watu wengi duniani hupenda kupanda mkoko, kwa wepesi wake, hata pale panapotaka mlilana au mchu. Na hapa ndipo palipofichika khasara kubwa.

Tutatoa mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa una mafunzo yaliyopimwa. Baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, watu wengi waliamini, na si bila ya sababu, kwamba penye mikoko pana kinga. Fedha zikamiminika katika kisiwa cha Sri Lanka, na maelfu ya watu kwa nia safi wakaingia matopeni kupanda. Katika mwaka wa 2017 walitoa khabari zao wataalamu waliozunguka sehemu 23 zilizopandwa. Hekta zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 1,000 hata 1,200. Zilizokutwa na msitu wa kweli zilikuwa kiasi cha 200 tu na kitu. Katika sehemu 9 hakukubaki hata mti mmoja. Sababu hazikuwa za ajabu: ilipandwa namna ya mkoko kwa wingi mahali pasipo pake, chini mno au juu mno kwa maji, ng'ombe wakaingia, wala baada ya siku ya kupanda hakurudi mtu kuangalia. Nia haikukosekana. Kilichokosekana ni elimu kabla ya kazi na subira baada yake.

Basi aliyetuuliza kama desturi ya kupanda siku moja ina faida, jibu lake limo katika hesabu hiyo. Hatusemi kwamba siku ya kupanda ni ya bure. Twasema kwamba mtu asiyejua ni nani atakayerudi mwezi ujao, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu, bado hajapanda. Na yako mahali, twalisema hili kwa kuwa watu hawapendi kulisikia, ambapo kupanda kwenyewe si kazi inayotakiwa. Pengine bonde limezibwa na barabara au na kuta za matuta ya chumvi, maji hayaingii, ndiyo sababu miti imekufa. Hapo wenye kujitolea wachimbe mfereji, maji yapate kupita, kisha wangoje. Mbegu zitakuja na maji zenyewe, kila namna ikakaa mahali pake pasipo kufundishwa na mtu. Kazi hii haina picha nzuri. Watu wenye majembe, wamejaa matope mpaka kiunoni, na mwisho wa siku hapana mche hata mmoja wa kuonyesha.

Turudi Gazi tuone kazi inayobaki baada ya wageni kuondoka. Kuna kuhesabu. Mtu huchukua uzi wa kupimia, akafunga mraba wa mita kumi kwa kumi, akapima unene wa kila mti ulio ndani yake, akaandika. Na baada ya muda akarudi kwenye mraba ule ule, akapima miti ile ile. Katika kazi hii wamesaidia wanafunzi, na vijana wa kijiji, na hata wageni wa Ulaya waliotoa likizo zao na nauli zao wakaja kushika uzi na daftari chini ya jua la Pwani. Wako watu hucheka: huyu ametoka Uingereza kuja kuhesabu miti? Lakini bila ya hesabu hiyo hapana ajuaye kama msitu unakua au unapungua, na yote tutakayoyasema hapa chini yasingaliwezekana. Kuna kung'oa mwani uliojiviringisha katika miche ukailaza, na kubandua vidudu vya magamba vinavyonata katika shina changa vikalielemea. Kuna kuokota plastiki, ambayo huja na kila maji. Kuna kutia mche mwingine pale ulipokufa wa kwanza. Na kuna ulinzi, yaani kuzunguka msituni, mara nyingine usiku, kuangalia wakataji. Na kazi hii haina utamu wowote, kwa sababu anayekamatwa aweza kuwa ni mtoto wa shangazi yako.

Katika mwaka wa 2013 kazi hizi zote ziliwekwa chini ya jina moja, Mikoko Pamoja, na watu wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Msitu unaolindwa kwa mpango huo ni hekta 117, nyingi ni za msitu wa asili na nyingine ni za miti iliyopandwa. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, na ile iliyochukua mahali pake katika mwaka wa 2016, ndiyo iliyowapa wanavijiji njia ya kuandikiana na wenye mamlaka ya misitu, ili wawe walinzi pamoja nao, wala wasiwe watu wa kufukuzwa tu. Mambo huendeshwa na kamati inayochaguliwa na wanavijiji wenyewe, na kwa upande wa nje iko jumuiya ndogo ya kheri huko Scotland, ambayo watu wake nao hujitolea, kazi yao ni kutafuta wanunuzi na kupokea fedha na kuzileta.

Msomaji atauliza: wanunuzi wa nini, ikiwa miti haikatwi? Hapa yatupasa tufafanue, kwa kuwa jambo hili limewatatiza wengi, na wengine wamelifanyia mzaha wakasema, «Watu wa Gazi wauza hewa.» Kila mti huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake na kuigeuza kuwa mwili wake. Miti ya nchi kavu ikiangusha majani na mizizi ikifa, vitu hivyo huoza na ile hewa hurudi ilikotoka. Katika mikoko matope hayana hewa, kuoza ni kwa polepole mno, na kwa hiyo ukaa hubaki chini, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka mamia. Hekta moja ya mikoko yaweza kuficha katika udongo wake kaboni nyingi kuliko hekta ya msitu mkubwa wa bara. Mikoko ikikatwa, udongo hufumuka na hewa ile hutoka. Hewa hii ndiyo inayoitia joto dunia. Basi wako watu na makampuni ng'ambo wanaokubali kulipa kwa kila tani inayozuiwa au kuvutwa, na shirika la Plan Vivo ndilo linalothibitisha kwamba tani hizo ni za kweli, kwa vipimo vile vile vya uzi na daftari tulivyovitaja. Gazi ilikadiriwa kuuza kiasi cha tani 3,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 20. Kwa hiyo kinachouzwa si hewa. Kinachouzwa ni ulinzi, na ulinzi una gharama.

Hata hivyo hatutaki msomaji akubali jambo hili kwa macho mafumbo. Mnunuzi akinunua tani zake kisha akajiona yu huru kuchoma makaa na mafuta kama kwanza, au zaidi, dunia haikufaidika, na Gazi imetumiwa kama sabuni. Hilo ni lake yeye na dhamiri yake, na sisi hatuna njia ya kumchungulia. Tulicho nacho ni kuangalia fedha zikisha kufika zinafanya nini. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa kiasi cha dola za Kimarekani 12,000 hivi kwa mwaka. Si nyingi, ziko harusi za mjini mwetu zinazokula kiasi hicho kwa siku tatu. Lakini kwa fedha hizo, baada ya wanavijiji kukutana na kusema kila mmoja haja yake, yaliletwa maji ya mfereji karibu na watu, na vitabu katika skuli, na baadhi ikarudi katika kazi za msitu wenyewe. Katika mwaka wa 2017 Mikoko Pamoja ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baada ya hapo watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule karibu na mpaka wa Tanzania, walifuata nyayo hizo kwa msitu wao wa hekta zaidi ya 400.

Twataka kukaa kidogo juu ya neno hili la mkutano wa kijiji, kwa sababu hapo ndipo jumuiya zetu nyingi zinapovunjika. Fedha za mikoko ni kama mali ya wakfu: si za mwenyekiti, si za mweka hazina, wala si za ukoo uliotoa wanakamati wengi. Zikisomwa hesabu hadharani, na mwanamke aliyekaa nyuma akaweza kuinuka akauliza, «Zile za maji zilikwenda wapi?» na akajibiwa bila ya kukaripiwa, watu watarudi matopeni mwezi ujao. Zisiposomwa, hawatarudi, na hatuwezi kuwalaumu. Mtu aweza kutoa nguvu zake bure kwa ajili ya wote; hawezi kuzitoa bure huku akimwona mwenziwe ananenepa. Tumeona vyama vya kheri vikifa katika miji yetu, wala havikufa kwa umasikini.

Sasa twaja kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni hili: kujitolea hakuna uzito mmoja kwa kila mtu. Mwanafunzi wa mjini anayetoa Jumamosi yake ametoa mapumziko. Karani ametoa siku ambayo mshahara wake u pale pale. Mvuvi wa Makongeni anayeacha maji mazuri akaenda kupanda mlilana ametoa kitoweo cha watoto na mauzo ya siku. Mwanamke aliyezoea kuokota kuni za mkandaa kisha akaambiwa asiingie, huyo ametoa zaidi, kwa maana ni kila siku yeye hutembea mbali kutafuta kuni nyingine, na hapana anayemwandika katika daftari la waliojitolea. Na mkata boriti, ambaye baba yake na babu yake walikata kwa leseni, akijua mti upi ukatwe na upi uachwe, yeye ametakiwa aweke shoka chini kwa ajili ya kosa ambalo kwa sehemu kubwa lilifanywa na matanuri ya viwanda.

Kwa hiyo ulinzi wa msitu usiowajali watu hawa si ulinzi, ni kuhamisha mzigo kutoka mabega mapana kwenda mabega membamba. Gazi wamejaribu kuliondoa jambo hili kwa njia mbili tatu. Walipanda mvinje, ambao hukua upesi na kutoa miti ya kujengea na kuni, ili haja ya mkoko ipungue. Akina mama wa Gazi nao walijenga njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, yenye urefu wa mamia ya mita, mgeni akatembea ndani ya msitu miguu mikavu, akaonyeshwa miti na kutajiwa majina yake, akala chakula chao, akalipa. Na mapato yakawa yao. Hayo ni mema. Lakini mvinje si boriti ya mkandaa katika kustahimili mchwa, kila fundi atakwambia, na wageni hawaji kila mwezi. Tunaona kwamba pale msitu unapokuwa umerudi na kukomaa, imewapasa wakubwa wa misitu wasione haya kuwaruhusu wakataji wa kijiji wakate kwa kipimo. Msitu ambao jirani zake hawapati hata fito moja kwao ni msitu wa mtu mwingine, na cha mtu mwingine hulindwa kwa polisi.

Ndugu zetu wa Mombasa wasidhani kwamba haya ni ya Kwale. Mikoko ya Tudor na ya Mwache imo mlangoni petu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 zilibeba udongo mwingi kutoka mashambani ukaifukia mizizi ya kupumulia ya mikoko ya Mwache, na sehemu kubwa ikafa imesimama. Ya Tudor ilimalizwa zaidi na mapanga, kwa kuni za nyumbani na za kupikia pombe, huku maji machafu ya mji yakimwagikia humo. Misitu hii miwili ilipungua vibaya kati ya mwaka wa 1992 na 2009. Na mtu asiyeweza kusafiri mpaka Gazi aweza kufika Tudor kwa miguu.

Waliotuuliza wafanye nini, twawaambia hivi. Msianze kwa kununua miche. Anzeni kwa kwenda pwani maji yakiwa yametoka, tena mwende na mvuvi mzee wa mahali hapo, mumuulize miti gani ilikuwapo, ilisimama wapi, na ilitoweka lini. Muulizeni na ofisi ya misitu, kwa kuwa mikoko ni ya Serikali kwa sheria, na hata kupanda kwataka ruhusa. Wataalamu wa Taasisi nao wamezoea kupokea maswali ya watu. Chagueni kipande kidogo, ambacho watu kumi waweza kukizunguka kwa saa moja, wala msidanganywe na hesabu za miche elfu. Andikeni majina ya watakaorudi, kwa miezi, mpaka mwaka wa tatu. Aliye mwalimu awachukue wanafunzi wake, lakini awachukue darasa lile lile kila muhula, mtoto aone mche alioupima akiwa darasa la nne unampita kimo akiwa la saba. Na katika kundi mkiwamo na wavuvi au akina mama wanaoacha kazi ya siku, wenye nafasi wachange nauli na chakula cha siku hiyo, na chakula kiwe cha kushibisha. Asionekane mtu anapewa sadaka. Hiyo ni haki ya kazi.

Ama mbegu za mkoko, zichumwe zikiwa zimekomaa, au ziokotwe chini zikiwa nzima. Iliyokomaa hujulikana kwa kikosi kilicho juu, pale mbegu inaposhikana na tunda: kikosi kikisha kugeuka manjano, mbegu hutoka kwa kuguswa tu. Ikiwa bado ni kijani hapo na yataka kuvutwa kwa nguvu, iacheni mtini. Zilizotobolewa na wadudu zitupwe. Zisizopandwa siku ile ziwekwe kivulini, zifunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na katika kuzitia matopeni upande uliochongoka ndio uelekee chini. Wageni wengi hukosea hapo, wakazipanda kichwa chini, na hapana atakayewaambia mpaka baada ya wiki kadhaa.